Uzoefu wangu: picha ya babu, ya simu elfu 45 na ya brashi laki na 80

Naandika hii kwasababu nimelipia picha mbili za mtu mmoja, moja imetoka kwenye simu nyingine imechorwa kwa mkono, na kila anayefika nyumbani ananiuliza kwanini nilitoa laki na 80 wakati tayari nilikuwa na picha nzuri tu ya elfu 45.

Babu yangu alikuwa mvuvi Kunduchi. Alifariki mi bado mdogo sana na picha yake imebaki moja, ile ndogo ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, upande wa shavu imeliwa na unyevu. Bibi anaitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti. Nikaipiga kwa simu, nikaiingiza kwenye apu moja ya akili mnemba inayosafisha picha za zamani, dakika haijaisha ikatoka ya rangi, inang'aa. Nikaenda mjini kuiprinti kwenye kanvasi, elfu 45 na fremu yake, siku hiyohiyo nimerudi nayo. Kwa haraka na kwa bei sina lawama kabisa.

Sasa nikampelekea bibi. Akaiangalia mda mrefu kisha akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, huyu nani?"

Babu alikuwa na kovu la ndoana chini ya jicho la kushoto, apu imelifuta, imedhani ni uchafu wa karatasi. Ngozi imelainishwa kama ya mtu ambaye jua la bahari hajawahi kulijua. Na pale shavuni palipoliwa na unyevu imejaza shavu tu, la nani sijui, maana haikumuuliza mtu yeyote. Bibi hakugomba, ila nilivyorudi wiki iliyofuata nikaikuta imesimamishwa nyuma ya kabati.

Jumamosi moja nikaenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye mabanda ya wachoraji wa picha za Tingatinga. Nimepita pale miaka na miaka bila kuingia, nilikuwa najua ni vitu vya watalii bas. Siku hiyo nikakaa kama masaa mawili naangalia watu wakichora. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu, alitokea huko Tunduru, akaanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi na kwa zile rangi za mafuta za kupakia baiskeli, vitu vya ujenzi na vya gereji ambavyo mtu wa kawaida alikuwa anavipata, akafariki 1972. Yaani miaka minne tu! Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendeleza, ushirika ukaundwa 1990, na mpaka leo kuna watoto wanasomeshwa kwa kazi hiyo. Mi nasema ukweli, nilisikia uchungu kwamba nimezaliwa mji huu na nimeyajua haya nikiwa mtu mzima.

Kitu kimoja niwaambie mapema, picha nyingi za Tingatinga zinarudiwarudiwa. Twiga huyohuyo, pundamilia huyohuyo, utamkuta banda hili na lile. Ukitaka ya kwako peke yako lazima uweke oda.

Mchoraji wa Tingatinga niliyempa oda, namba yake nilipewa na jirani, anafanyia kazi uani kwake Sinza. Nikamuonyesha pasipoti ya babu, akairudisha. "Sura sichori dada, sura sio kazi yangu, ila naweza kukuchorea maisha yake." Alafu akaanza maswali. Alikuwa anavulia nini, ngalawa au mtumbwi, tanga lake rangi gani, anatoka saa ngapi? Sikujua hata moja. Ikabidi tumpigie bibi, tukaweka spika.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu, ndo wewe mchoraji?"

Jamani ile simu ilienda dakika 40. Bibi akasema ngalawa ilikuwa imepakwa kijani mbele, tanga la amerikani, na lina kiraka chekundu cha kanga yake ambacho babu alikikata bila kuomba, wakanuniana siku tatu. Akasema anatoka alfajiri na anarudi na changu. Mi mjukuu wake wa damu nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo, kwasababu sikuwahi kuuliza. Mchoraji alikuwa anaandika kwa penseli nyuma ya ubao uleule atakaouchorea, na maandishi yapo mpaka leo ukiigeuza.

Malipo nusu kwanza, elfu 90. Aliahidi siku 10, zikawa 24. Sehemu ya ucheleweshaji naielewa, rangi ya mafuta inaenda tabaka kwa tabaka, unapaka usuli wote, yaani rangi ya nyuma, kwanza unaacha ukauke, ndo yanakuja maumbo, mwisho mistari myembamba na madoadoa, na ilikuwa mvua kwahiyo kila tabaka lilikuwa linachelewa. Ila kuzima simu siku nne umeshachukua hela ya mtu hapana, hapo alinikosea na nilimwambia.

Katikati alinitumia picha WhatsApp nikamuonyesha bibi. Akaivuta karibu na macho akasema, "Mwambie mwanangu hiyo itapinduka, ngalawa ina matengo mawili." Kweli alikuwa amechora tengo moja tu, ule mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke. Akalichora la pili juu ya bahari iliyokuwa imeshakauka.

Picha yenyewe ni sentimita 60 kwa 60, fremu nimejilipia mwenyewe. Kasoro ipo, kona ya juu vumbi limegandia kwenye rangi pamoja na unywele wa brashi, na ilinukia tepentaini wiki nzima sebuleni. Samaki pia ni wakubwa kuliko kawaida, karibu kulingana na babu, lakini huo ndo uchoraji wao na mi naupenda hivyo. Sura ya babu haionekani, amegeukia tanga. Kiraka chekundu kipo.

Kama unataka kununua, iguse kwanza. Iliyochorwa utasikia rangi imeinuka chini ya kidole, madoa hayalingani. Ya kuprinti ni tambarare hata kama imewekwa kwenye kanvasi. Iangalie na nyuma. Usiitundike inapopigwa na jua, na vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Mwambie mchoraji akutumie picha za maendeleo kabla hajamaliza, hili ni la muhimu kuliko bei. Ningempa oda nyingine? Ndio, ila safari hii nitamlipa kwa awamu tatu.

Bibi aliitundika mwenyewe, mi nilishika stuli tu. Lile tengo la pili ukisimama pembeni mwanga ukiwa wa dirishani unaliona limenyanyuka kidogo kuliko bahari iliyo chini yake. Asubuhi akipita kwenda jikoni anapapitisha kidole hapo, anasema, "Sasa haipinduki."