Kutafuta ukoo wa Kiskoti kwenye hati za maziko na za jeshi: uzoefu wangu na ScotlandsPeople

Nianze na pesa, maana kila ninayemwambia kwamba nimefuatilia ukoo wa mume wangu hadi karne ya 18 huniuliza kwanza imenigharimu kiasi gani. ScotlandsPeople ni tovuti rasmi ya serikali ya Scotland na haitozi ada ya mwezi. Kutafuta majina kwenye faharasa ni bure. Unalipa pale tu unapotaka kuuona ukurasa wenyewe: unanunua salio, kuanzia pointi 30 kwa pauni 7.50, na ukurasa mmoja wa rejesta ya kuzaliwa, ndoa au kifo hula pointi 6, yaani pauni moja na nusu. Mimi napenda mpango huu kuliko ule wa tovuti za kibiashara zinazokukata kila mwezi hata usipozifungua. Lakini una mtego. Majina ya Waskoti yanarudiwa mno. Perthshire imejaa kina Robertson na kina Stewart, na nusu yao ni John. Ukilipia kila John unayemkisia, salio linayeyuka kabla chai haijapoa.

Ukoo wenyewe, upande wa mama mkwe, ni wa wafumaji wa Perthshire waliohamia Dundee enzi za viwanda vya juti. Mama mkwe alitaka mambo mawili tu: kaburi la babu wa babu yake, aliyekuwa askari wa Black Watch, kikosi cha Waskoti katika jeshi la Uingereza, na habari za ndugu wa babu yake aliyekufa Ufaransa katika Vita vya Kwanza.

Wengi wakisikia kaburi huenda moja kwa moja kwenye rejesta za maziko. Kwa Scotland sishauri. Usajili wa serikali ulianza 1855. Kabla ya hapo kuna vitabu vya parokia tu, na cha zamani kuliko vyote, cha Errol, kinaanzia 1553. Vitabu hivyo vilijali ubatizo na ndoa. Maziko parokia nyingi hazikuyaandika kabisa, na palipoandikwa mara nyingi unachokuta ni hesabu ya fedha: fulani amelipa kiasi fulani kukodi kitambaa cha parokia cha kufunikia jeneza. Kitambaa kilikuwa kimoja, kinazunguka kwa wafiwa wote kama jeneza la msikiti wa mtaa, na pesa yake iliwasaidia maskini wa parokia. Ndiyo maana hayati unaweza kumpata kwenye daftari la makusanyo ilhali hana mstari wowote wa maziko. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza hata peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa na maziko yaliyoandikwa, fukara wakisamehewa. Ukikuta mtu wa miaka hiyo ameandikwa fukara, usifanye haraka kumhurumia.

Pa kuanzia ni cheti cha kifo cha baada ya 1855, na hapa Waskoti wamewaacha Waingereza mbali sana. Cheti cha England cha enzi hizo hakikutajii wazazi wa marehemu mtu mzima. Cha Scotland kinataja baba na kazi yake, na mama pamoja na jina la ukoo alikozaliwa. Karatasi moja inakurusha nyuma kizazi kizima. Askari wetu alifia Dundee miaka ya 1880, na kwa cheti chake nikajua baba yake alikuwa mfumaji na mama yake anatoka ukoo gani. Cheti cha 1855 hadi 1860 kingenitajia na mahali alipozikwa. Cha miaka hiyo ya baadaye hakitaji, ikabidi nigeukie rejesta za makaburi za halmashauri ya mji. Yumo. Amezikwa sehemu ya watu wa kawaida, pasipo jiwe.

Kulikuwa na msaada mwingine ambao sikuutarajia, na Wakikuyu wenzangu watanielewa haraka. Waskoti wa zamani nao walikuwa na utaratibu wa kurithisha majina: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, vilevile kama kwetu. Kwa wasichana ndipo tunapoachana. Kwao wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama, kwetu la bibi mzaa baba. Si sheria, na si kila nyumba iliifuata, lakini niliipanga orodha ya watoto wa yule askari kwa mtindo huo nikajua kabla ya kulipa hata peni nitafute mabibi na mababu wa jina gani. John wengi walitoka kwenye mbio hapo.

Hati za jeshi ni habari nyingine. Jeshi lilikuwa la Uingereza nzima, kwa hiyo makaratasi yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, si Edinburgh. Kundi linaloitwa WO 97 ni la askari waliostaafu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 humo hupati ila waliopata pensheni. Aliyefia kazini usimtafute humo. Wetu alitumikia miaka 21, Vita vya Crimea vikiwemo, akastaafu na pensheni yake. Hati inataja parokia aliyozaliwa, kazi aliyoiacha, kimo, rangi ya nywele na macho. Futi tano na inchi saba, macho ya kijivu. Picha yake haipo popote, na mama mkwe alinisomesha mstari ule mpaka tukaukariri sote. Hati hiyo pia ilimaliza ubishi na tovuti moja ya kibiashara, ambako mti wa ukoo uliochorwa na mtu asiyetujua ulikuwa umeshamzika askari wetu Kanada.

Kwa yule wa Vita vya Kwanza matumaini yapunguze mapema. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza ghala la London lenye majalada ya askari hao, na kiasi cha asilimia 60 yakapotea. La kwetu limo katika yaliyoungua. Hata hivyo kanzidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni bure, na jina lake limo kwenye mnara wa Loos huko Ufaransa, pamoja na wengine zaidi ya 20,000 wasio na kaburi linalojulikana. Alikuwa wa batalioni ya 4 ya Black Watch, vijana wa Dundee, waliofyekwa tarehe 25 Septemba 1915. Hadi leo mji huwasha moto juu ya kilima cha Law kila tarehe hiyo. ScotlandsPeople nayo ina wosia za maelfu ya askari, na wake upo: sentensi chache, kila kitu kwa mama yake.

Msomaji wa kwetu asidhani kanzidata hiyo itamfaa kwa babu aliyebebeshwa mizigo 1917 katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza tulichokiita Kariakoo. Ripoti ya tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba waliokufa katika vita hivyo bila kuandikwa majina, au bila kukumbukwa kabisa, ni 116,000 kwa uchache na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

ScotlandsPeople naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya maziko, ingawa kosa ni la makarani wa parokia waliokufa zamani. Kumbuka pia kwamba mtandaoni huoni picha za vyeti vya kuzaliwa vya chini ya miaka 100, vya ndoa chini ya 75 na vya kifo chini ya 50. Na kama unaishi karibu na Edinburgh au unapita huko, usinunue salio kabisa: nenda kituo chao cha General Register House, lipa ada ya siku moja, ufungue kurasa mpaka macho yachoke.