MIT OpenCourseWare: mihadhara ni ya bure, msahihishaji hayupo

MIT OpenCourseWare, mradi uliotangazwa na chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 2001, ndiyo huduma ya elimu huria ninayoipendekeza kwa mwanafunzi wa hisabati kabla ya nyingine yoyote. Tovuti yake ina kozi zaidi ya 2,500, na msomaji haombwi kujisajili wala kulipa chochote, tofauti na majukwaa yaliyofuata ambayo mara nyingi hufungua video na kutoza ada kwa mitihani na vyeti.

Nimeipima kwa kozi ya aljebra ya mstari (tawi la hisabati linalochunguza mifumo ya milinganyo na vekta), namba 18.06, ambayo mihadhara yake ilitolewa na Gilbert Strang na kurekodiwa mwaka 1999. Katika mhadhara wa kwanza anaandika ubaoni milinganyo miwili, 2x − y = 0 na −x + 2y = 3, kisha anachora mistari inayokatana, jambo ambalo kila aliyemaliza sekondari amekwisha kulifanya. Baada ya hapo anaisoma milinganyo ileile kwa safu wima, yaani namba zinazozidisha x zikiwa kundi moja na zinazozidisha y kundi jingine, na kuuliza: vekta (orodha za namba zenye mpangilio) (2, −1) na (−1, 2) zichanganywe kwa kiasi gani ili zitoe (0, 3)? Jibu halibadiliki, x ni 1 na y ni 2, lakini mtazamo huu wa pili ndio unaoibeba kozi nzima, na ni vitabu vichache vya kiada vinavyoufikisha kwa uwazi wa namna hiyo. Picha si kali. Chaki inasomeka, na hilo linatosha.

Kitabu kinachofuatwa na kozi kinauzwa, ingawa toleo la mwaka 2011 lina mihtasari, video za mazoezi na majibu yanayopunguza pengo hilo. Mhadhara wa takriban dakika 50 humaliza kifurushi cha data upesi, lakini video zinaweza kupakuliwa, hivyo kikundi kinaweza kuzipakua mara moja na kugawana kwa flashi.

Kikwazo kizito zaidi ni kwamba hakuna anayeisahihisha kazi yako. Swali la kukokotoa hujisahihisha lenyewe kwa jibu lililotolewa. Swali la kuthibitisha sivyo, kwa sababu anayesoma peke yake, akifuata njia isiyofanana na ile iliyochapishwa, hawezi kujua kama amegundua njia nyingine halali au ameruka hatua muhimu. Hapo ndipo wengi, tena wenye bidii, hukwama na kuacha. Kwa hiyo ningependa kozi hii isomwe na watu watatu au wanne pamoja, wakiwa na mwalimu wa kuwapitia japo mara moja kwa wiki. Mwalimu huyo ana ruhusa ya kuyatafsiri maelezo kwa Kiswahili na kuyagawa, kwa kuwa leseni ya Creative Commons inayotumika inakubali hivyo mradi asiyauze, ataje chanzo, na tafsiri yake ibaki chini ya leseni hiyohiyo. Anayehitaji cheti atafute kwingine, kwani hapa hakitolewi.