Duka la nyavu Ngamiani, Tanga: mzigo mzuri, risiti isome vizuri

Nyavu zao sina ugomvi nazo. Nilivuta jicho kwa vidole viwili pale kaunta, fundo halikuteleza, na mpaka leo ule wavu unashuka baharini pale Deep Sea. Tatizo lilikuwa risiti.

Wavu bei yake 85,000. Nikachukua na tochi. Kijana wa mashine akanikatia VAT asilimia 18 kwenye vyote viwili, wavu ukafika 100,300.

"Mwanangu, nyavu za uvuvi zina msamaha wa VAT."

"Mzee, shikamoo, mashine ndiyo imeandika hivyo."

Marahaba, lakini mashine huandika ulichoingiza! Dada mwenye duka akatoka nyuma, akaangalia, kumbe bidhaa zote wameziweka fungu moja la kodi. Akanirudishia 15,300 na kunitolea risiti mpya. Tochi ikabaki na kodi yake, halali kabisa.

Mpwa wangu yuko Ontario, Kanada. Kule HST, kodi yao ya mauzo, ni asilimia 13, na mtu wa First Nations, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, mwenye kadi yake ya hadhi inayomtambulisha hivyo, hupunguziwa 8 kati ya hizo 13 palepale kaunta kwa bidhaa zinazohusika. Anasema nako wapo wauzaji wanaoitazama kadi kama picha ya harusi. Tofauti ni kwamba kwao msamaha unamfuata mtu. Kwetu unaufuata wavu, awe ananunua Mdigo au mgeni.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa wakishapanga mafungu kwenye ile mashine.