VueScan na utunzaji wa weupe katika picha za kuchapishwa

VueScan, programu ya kuendeshea skana kutoka Hamrick Software, inasifiwa zaidi kwa kufufua skana za zamani ambazo watengenezaji wake wameacha kuzihudumia. Mimi naipima kwa jambo jingine: je, inatunza tofauti ndogo za toni katika sehemu zenye mwanga mwingi, kama mikunjo ya shela ya bibi harusi au mawingu mepesi, pale picha inapokusudiwa kuchapishwa kwa ubora wa juu? Jibu langu ni ndiyo, tena vizuri sana, ilimradi mtumiaji asiiachie iamue yenyewe kipi ni cheupe.

Ikiachiwa, programu huchukua asilimia fulani ya pikseli zenye mwanga zaidi na kuzifikisha kwenye weupe kamili ili picha ivutie kwenye kioo, na katika picha ya harusi asilimia hiyo huenda ikawa ndiyo shela yenyewe. Pikseli ikishafika 255 katika mizani ya 0 hadi 255, nyuzi za lesi zilizokuwa hapo zimepotea, na hakuna marekebisho yatakayozirudisha. Kwa hiyo kiwango cha nukta nyeupe, yaani ile asilimia ya pikseli zinazofanywa nyeupe kabisa, nakishusha hadi sifuri, nafunga kiasi cha mwanga wa kusomea picha kisibadilike baada ya kuskani kwa majaribio, kisha nahifadhi kwa biti 16 kwa kila rangi, yaani ngazi 65,536 badala ya 256. Picha hutoka imepooza, na ndivyo ninavyotaka, kwa sababu ung'avu utaongezwa baadaye bila toni kukatikakatika.

Kinachonifanya niipende hasa ni faili ghafi, linalopatikana katika toleo la Professional. Faili hilo huhifadhi kile kilichosomwa na skana, na baadaye programu hulichakata upya kwa mipangilio mingine bila picha ya asili kuguswa tena, jambo kubwa kwa picha kuukuu.

Negativu, yaani filamu ambazo nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi nyeupe, zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kwenye slaidi na picha ya karatasi, weupe huharibika kwa kuzidiwa na mwanga. Kwenye negativu, shela ndiyo sehemu nzito kuliko zote ya filamu, mwanga hupenya kwa shida, na adui anakuwa chenga, yaani vidoadoa visivyo sehemu ya picha. Hapo husaidia uwezo wa kusoma picha mara kadhaa na kupata wastani, kama skana inauruhusu.

Dosari yake ni dirisha lililojaa chaguo nyingi, nyingine zikionekana au kutoweka kutegemea ulichochagua kwingine, hivyo mgeni atapata tabu. Mkunjo wa mwisho wa toni, yaani mstari wa kurekebishia mwanga na giza la picha, ni afadhali ufanyiwe katika programu ya kuhariri picha.

Huko, weupe wenye maelezo nauweka karibu na 245, na 255 nauachia mmeto wa kito au taa tu, kwa kuwa penye 255 printa haiweki wino, na ukiinamisha karatasi ya kung'aa iliyochapwa kwa wino wa pigimenti utaona pale palipo wazi panaakisi mwanga tofauti na pembeni yake. Kila karatasi ina kikomo chake: chapa vipande vya 240, 245, 250 na 255 sambamba, tazama ni kipi cha mwisho kinachotofautiana na karatasi tupu, kisha tumia namba hiyo.