Ganzi mbili, magego mawili

Mimi ni fundi cherehani Mbuyuni, Moshi. Mwaka huu nimeng'olewa magego mawili: la chini Arusha, la juu hapa hapa Moshi. Wateja wananiuliza ganzi ipi nzuri, ya bei rahisi au ile ya kuongezea hela.

Arusha nilienda gego limeshatunga usaha, shavu kama nimebania andazi. Daktari akanichoma lignokeini ya asilimia 2, ndiyo ile ganzi ya bei rahisi. Moyo ukanidunda, nikajua nakufa. Kumbe ni adrenalini, dawa ya kubana mishipa ya damu wanayochanganya humo ili ganzi ikae, inapita. Ila hakungoja. Mdomo bado nausikia, koleo hilo limeingia! Nilimng'ang'ania nesi mkono mpaka akaniomba, "Mama, niachie." Njiani kurudi niliilaani lignokeini Coaster nzima ikanisikia.

Niliionea. Daktari wa Moshi, kijana mpole, alinieleza kwamba penye usaha pana tindikali, na ganzi yoyote hupungua nguvu hapo. Tena taya la chini mfupa wake mgumu, ndiyo maana sindano inapelekwa nyuma kabisa kwenye mshipa wa fahamu, halafu mnasubiri. "Nusu ya mdomo wa chini isipokufa ganzi, mama, usikubali kung'olewa."

La juu akanipa nichague: lignokeini ile ile, au artikeini ya asilimia 4, elfu kumi zaidi. Artikeini hupenya mfupa vizuri zaidi, kwa hiyo jino la juu mara nyingi halihitaji sindano ya pili kwenye kaakaa. Hiyo ya kaakaa naijua, chozi linatoka lenyewe. Nikalipa bila kubembeleza bei.

Akachoma upande wa shavu tu, tukapiga stori kama dakika kumi, kisha akagusa fizi na kichuma. "Unasikia kuchomwa au kusukumwa?" Kusukumwa. Jino lilitoka na mlio wa kufumua mshono wa jinzi, maumivu hakuna.

Kliniki naipa nyota nne. Kwa gego la juu ningelipa tena elfu kumi hiyo. La chini, lignokeini inatosha ukipata daktari mwenye subira. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu walinipa pamba ya kung'ata nusu saa, lakini hakuna aliyenionya kuhusu kunywa. Saa kumi jioni mdomo ulikuwa bado si wangu. Nikapiga funda la chai, yote ikaishia kwenye kitenge cha mteja.