Difu ya 4.10 Chini ya Pikapu Inayobeba Kempa: Uzoefu Wangu

Nimeitumia seti ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu ya ekseli, yenye uwiano wa 4.10 kwa muda wa kutosha, tambarare na milimani, kempa ikiwa juu na ikiwa imeshushwa, na sasa naweza kuizungumzia kwa uhakika. Pikapu yangu ina injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuishindilia injini hewa), giaboksi ya otomatiki yenye gia nne na tairi za 265/70R17. Ilitoka kiwandani ikiwa na difu ya 3.42, ambayo ni difu nzuri kabisa kwa mtu anayebeba mizigo ya kawaida. Kempa, yaani kile kijumba cha kulala kinachopachikwa kwenye bodi ya nyuma, si mzigo wa kawaida. Yangu huongeza zaidi ya tani moja ikishajazwa maji, gesi na vyombo, na papo hapo husimamisha juu ya paa la gari ukuta ambao upepo unaupiga safari nzima.

Namba ya difu hueleza propela, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, huzunguka mara ngapi ili tairi zizunguke mara moja. Krauni ya zamani ilikuwa na meno 41 na pinioni yake meno 12, hesabu inayotoa 3.42. Seti mpya ina krauni ya meno 41 vilevile, lakini pinioni yake ina meno 10, ndipo inapopatikana 4.10. Tofauti ya meno mawili tu kwenye kipande kinachoenea mkononi huongeza nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye tairi kwa asilimia 20 katika kila gia, na hupandisha mizunguko ya injini kwa kiasi hicho hicho katika kila mwendo. Haiongezi hata nguvu moja ya farasi. Inachofanya ni kuiruhusu injini ifanye kazi mahali ambapo nguvu zake zipo.

Watu wengi wanaouliza kuhusu jambo hili huangalia mizunguko ya injini katika gia ya juu peke yake, kisha huogopa. Kwa tairi zangu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, difu ya 3.42 huipa injini mizunguko 1,580 hivi kwa dakika katika gia ya nne, na ya 4.10 huipa karibu 1,900. Kwenye karatasi, ya kwanza inaonekana kuwa ndiyo itakayookoa mafuta. Barabarani, kempa ikiwa juu, gia hiyo ya nne ilikuwa haikai. Kilima kidogo au upepo wa mbele ulitosha kuishusha giaboksi hadi gia ya tatu, ambako mshale wa geji ya mizunguko uliruka hadi 2,260, na dakika chache baadaye ikapanda tena, ikashindwa, ikashuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ilienda kwa mizunguko 2,260, na ile 1,580 niliiona kwenye miteremko tu.

Chanzo chake kiko kwenye gia zenyewe. Giaboksi yangu ina uwiano wa 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Ukizidisha gia mbili za juu kwa 3.42, unapata 3.42 na 2.39, na katikati ya namba hizo hakuna kitu chochote. Mahitaji ya gari lenye kempa kwa mwendo wa barabara kuu huangukia humo humo katikati: 2.39 haitoshi kuvuta, na 3.42 ni zaidi ya inavyohitajika. Difu ya 4.10 huifanya gia ya nne kuwa 2.87, ikaketi ndani ya pengo lile lile lililokuwa tupu. Matokeo yake ni kwamba leo injini yangu huzunguka polepole zaidi kwa wastani kuliko ilivyokuwa na difu ambayo namba yake ni ndogo, kwa sababu gia ya nne sasa inakaa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayechagua difu alihesabu kabla ya jingine lolote: ni gia ipi gari lake linaweza kuishika likiwa limebeba, na wala si gia ipi iliyo ya juu kabisa.

Faida ya pili ni joto. Giaboksi ya otomatiki huunganishwa na injini kwa konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa njia ya oili, na ndani yake mna klachi inayojifunga mwendo ukitulia ili kusiwe na utelezi. Giaboksi inapopanda na kushuka bila kutulia, klachi hiyo hufunguka mara kwa mara, oili husukwasukwa, na joto lake hupanda. Nina geji ya joto la oili ya giaboksi kwenye dashibodi, na katika barabara zile zile, kwa mzigo ule ule, sasa hutulia chini ya pale ilipozoea kufika. Kwa giaboksi yenye umri kama yangu, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Upepo unastahili kutajwa peke yake, kwa maana ndio unaoitofautisha kempa na mzigo wa saruji wenye uzito sawa. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, upinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu, na nguvu inayotakiwa kuushinda hukaribia kuwa maradufu. Mzigo mzito lakini mfupi hukusumbua kwenye milima na kukuacha upumzike tambarare. Kempa haikupumzishi popote. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa uzito wa tani peke yake huwapotosha wenye kempa, na ndiyo maana hata difu bora haitamsaidia anayetaka kwenda kilomita 120 kwa saa na kijumba juu ya paa. Mimi huenda 90, na gari huupokea mwendo huo kwa utulivu mkubwa.

Milimani tofauti inasikika mguuni. Miinuko ya kati ambayo zamani ilidai gia ya pili sasa hupandwa kwa gia ya tatu, na kwenye nyanda za juu, ambako injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, nyongeza ile ya asilimia 20 hufidia sehemu kubwa ya kinachopotea mwendo unapokuwa mdogo. Kwenye miteremko, injini hulizuia gari kwa nguvu zaidi katika gia ile ile, na breki hazipati moto kama zamani. Kuondoka kwenye mawe au matope kumekuwa kwepesi pia, jambo ambalo mwenye kempa hukutana nalo kila anapotafuta mahali pa kulala mbali na lami.

Kwa upande wa ufungaji, nasema wazi kwamba kazi hii si ya kila fundi. Pinioni inapaswa kukaa kwenye kina chake kamili, kinachorekebishwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, na ulegevu kati ya meno hupimwa kwa geji yenye uso wa mshale kama saa. Katika ekseli nyingi za pikapu hutakiwa uwe kati ya milimita 0.15 na 0.25 hivi, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Fundi wangu alipaka meno ya krauni rangi ya manjano yenye mafuta, akaizungusha mbele na nyuma, kisha akaniita nione alama: rangi ilikuwa imefutika katikati ya jino, haikuelekea nchani wala shinani. Alifungua na kufunga pinioni zaidi ya mara moja kabla ya kuridhika na alama hiyo, na sikumharakisha. Difu iliyofungwa ovyo hulia, ama unapokanyaga mafuta ama unapoachia, na ikishaanza kulia meno yanalika. Yangu iko kimya.

Zipo gharama ambazo muuzaji wa krauni huenda asikutajie. Gari lenye ekseli mbili zinazovuta lazima libadilishwe difu zote mbili, kwa kuwa uwiano wa mbele na wa nyuma ukitofautiana, mitambo itashindana yenyewe mara utakapounganisha magurudumu manne kwenye ardhi ngumu. Baadhi ya ekseli pia haziwezi kubeba krauni za namba zote kwenye keji (kishikizo cha krauni) ile ile, hivyo hudai keji nyingine. Na ikiwa gari lako husoma mwendo kwenye shafti inayotoka kwenye giaboksi, kama langu, spidomita itadanganya: ukiwa kwenye kilomita 100 itaonyesha 120, na giaboksi itabadilisha gia kwa wakati usiofaa mpaka kompyuta ielezwe namba mpya. Mafundi wengi hushauri kuendesha kama kilomita 800 za mwanzo bila mzigo mzito, kisha kumwaga oili ya difu na kuweka mpya ya daraja la GL-5.

Jambo moja ambalo difu hailigusi ni uwezo wa gari kubeba. Springi, tairi na ekseli ya nyuma zina mipaka yake, na kempa iliyozidi mipaka hiyo huizidi vilevile chini ya 4.10. Pima gari kwenye mizani likiwa limejazwa kama unavyosafiri, ndipo uzungumzie krauni. Tairi nazo ziingie kwenye hesabu. Anayetoka 265/70R17 kwenda 285/75R17 huongeza kipenyo kwa asilimia 7, na 4.10 yake hufanya kazi kama 3.83.

Kama hujui difu uliyonayo, angalia kibandiko cha gari au kibati kwenye ekseli. Kikikosekana, zuia magurudumu yaliyobaki kwa vigingi imara, weka giaboksi huru, inua gurudumu moja tu la nyuma juu ya stendi, lizungushe mara mbili kamili na umwombe mtu ahesabu mizunguko ya propela. Kwa difu ya kawaida isiyojifunga, hesabu hiyo ndiyo namba yako.

Nisingempa kila mtu ushauri huu. Mwenye giaboksi ya kisasa ya gia 10, ambayo gia ya kwanza hufika takribani 4.70, tayari anapata zaidi ya 16 kwenye gia hiyo akiwa na difu ya 3.55, wakati mimi na 4.10 yangu sifiki 13. Gia zake zimekaribiana kiasi kwamba pengo nililolieleza halipo, na pesa yake itumike kwenye springi na tairi. Mwenye dizeli ya tabo, ambayo huvuta kwa nguvu tangu mizunguko ya chini, ataridhika na 3.42 au 3.73. Na aliye na gari kama langu, lakini kempa yake hushushwa chini sehemu kubwa ya mwaka, achague 3.73: gia ya nne itakuwa 2.61, injini itazunguka mara 1,725 kwa kilomita 100, na siku za kwenda kazini bila mzigo hatasikia kelele na ulaji wa mafuta ambao mimi, kwa kuwa kempa yangu haishuki ila kwa matengenezo, nimekubali kuubeba.