Kibanda cha Roketi cha Kaloleni, Arusha: Tathmini ya Mtazamaji

Vibanda umiza vya Arusha vinajulikana kwa mpira wa Ulaya na filamu zilizotafsiriwa, hivyo mtu akisikia kwamba mtaani Kaloleni kipo kimoja ambacho ubao wake wa mlangoni huandikwa saa za kurushwa kwa roketi, ni rahisi kudhani kuwa hiyo ni mbinu ya kuvutia wateja siku zisizo na mechi. Sivyo ilivyo. Mwenye kibanda analijua jambo analolionyesha, na watu wanaoingia pale hutoka wakiwa wameelewa kitu. Ninaandika tathmini hii kwa sababu sijaona huduma nyingine ya namna hii mjini, na kwa sababu upungufu wake ni wa aina inayoweza kurekebishwa.

Kiingilio ni shilingi 1,000, sawa na mpira, na wanafunzi hulipa nusu. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, projekta inayomulika ukuta uliopakwa rangi nyeupe, spika mbili, na jenereta ndogo inayowekwa tayari nje kwa ajili ya umeme unapokatika. Mchana mwenye kibanda hutengeneza simu kwenye meza iliyopo mlangoni, na kwa hiyo kila mtu humwita Fundi, pamoja na wazee waliomzidi umri mara mbili.

Jambo la kwanza la kumsifu ni kwamba hafungulii matangazo dakika ya mwisho. Wengi wetu tumezoea kuona roketi katika vipande vifupi vya video kwenye simu, ambavyo huanza moto unapowaka na kuisha kabla mtu hajajua nani yumo ndani wala anakwenda wapi. Fundi hufungua matangazo kabla mafuta hayajaanza kupakiwa, na hapo ndipo elimu ilipo. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX inayobeba wanaanga, ina urefu wa takriban mita 70, na sehemu yake ya chini ina injini tisa zinazotumia mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Upakiaji wa mafuta huanza dakika 35 kabla ya kuruka, wakati wanaanga wamekwisha kufungwa mikanda chomboni, na ndiyo maana mfumo wa kuwaokoa, yaani injini zinazoweza kukichomoa chombo kutoka juu ya roketi inayoharibika, huwekwa tayari kabla tone la kwanza halijaingia. Mvuke mweupe unaotiririka ubavuni mwa roketi, ambao wageni wengi huuona kama dalili ya hatari, yeye hueleza mapema kwamba si moshi: ni baridi ya oksijeni inayogandisha unyevu wa hewa. Mtazamaji akishajua hayo, nusu saa ya kusubiri inakuwa na mambo ya kufuatilia.

Nitaeleza kwa kirefu usiku mmoja, kwa kuwa ndio ulionionyesha ubora wa huduma hii. Jumamosi ya Septemba 28, 2024, safari iliyoitwa Crew-9 iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, saa 2:17 usiku kwa saa zetu. Ilikuwa imepangwa kuruka siku mbili kabla, ikaahirishwa kwa sababu ya kimbunga Helene. Ndani ya chombo chenye viti vinne walikaa watu wawili tu, Nick Hague wa Marekani na Aleksandr Gorbunov wa Urusi, na mama anayeuza kahawa na kashata pale mlangoni akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kwa nini viti viwili viende vitupu wakati safari yenyewe ni ya gharama kubwa hivyo?

Fundi alipunguza sauti ya spika akalijibu kuanzia mwanzo. Mwezi Septemba 2014, NASA, shirika la anga la Marekani, iliingia mikataba na kampuni mbili ili zitengeneze vyombo vya kupeleka watu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Boeing kwa dola bilioni 4.2 na SpaceX kwa dola bilioni 2.6. Shirika halikununua vyombo. Lilinunua safari, huku vyombo vikibaki mali ya kampuni. Chombo cha Boeing, Starliner, kilibeba watu kwa mara ya kwanza Juni 5, 2024, Butch Wilmore na Suni Williams, katika safari iliyotarajiwa kuchukua siku nane hivi. Njiani heliamu ilivuja, na baadhi ya injini ndogo za kukielekeza chombo zikagoma. Mwezi Agosti NASA ikaamua kwamba Starliner irudi bila mtu, nayo ikatua salama New Mexico mwanzoni mwa Septemba. Viti viwili vitupu, basi, vilikuwa vya kuwarudishia nyumbani hao wawili. Mama akasema, "Kumbe wamewapelekea usafiri," na kuanzia hapo hakurudi kwenye birika lake hadi chombo kilipofika kwenye njia yake ya kuizunguka dunia.

Roketi ilipopaa na kuanza kulala upande wa baharini, mzee mmoja aliyeketi mbele alishtuka.

"Mwanangu, mbona inapinda? Si walitaka kwenda juu?"

"Mzee wangu, kwenda juu peke yake hakutoshi," Fundi akajibu. "Ukirusha jiwe juu litakurudia. Ukilirusha mbele kwa kasi kubwa mno, litaendelea kuanguka bila kuigusa ardhi, kwa kuwa ardhi nayo inapinda chini yake. Hawa wanatafuta kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, ndipo wabaki kule."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kwa lugha yetu, na yalitolewa wakati roketi ikiwa hewani, bila kusimamisha picha. Dakika mbili na nusu hivi baada ya kuruka, sehemu ya chini ilijitenga na kugeuka kurudi. Ilipofika kama dakika ya nane ilitua wima kwenye uwanja wa saruji karibu na ilikotoka, na kibanda kizima kilisimama. Ni jambo ambalo kabla ya Desemba 2015 lilikuwa halijafanywa na roketi yoyote inayopeleka mzigo kwenye mzunguko wa dunia, na sasa limekuwa la kawaida kiasi kwamba mwaka 2024 roketi za aina ya Falcon ziliruka zaidi ya mara 130. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo habari kubwa ya biashara hii yote, kwa kuwa roketi inayotumika tena ndiyo inayofanya ubao wa Fundi uwe na kitu cha kuandikwa karibu kila wiki.

Siku zisizo na urushaji wala mechi, Fundi huonyesha matangazo yaliyohifadhiwa, na ninapendekeza kwa moyo wote kipindi chake kuhusu safari ya Mei 30, 2020. Marekani ilikuwa haijarusha mtu kutoka ardhi yake tangu chombo Atlantis kiliporuka mara ya mwisho Julai 2011. Kwa karibu miaka tisa wanaanga wake walipanda Soyuz, chombo cha Urusi, kutoka Baikonur, Kazakhstan, na bei ya kiti kimoja ilipanda hadi kufikia takriban dola milioni 90. Wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley, wakiwa katika chombo cha SpaceX, ndio waliokata ukimya huo. Kipindi huanza na jaribio la Mei 27, ambapo hesabu ilisimamishwa zikiwa zimesalia dakika 17 hivi kwa hofu ya radi, wanaanga wakiwa wamekwisha kaa vitini. Fundi haliruki jaribio hilo. Analionyesha lote, kisha ndipo anakuja kwenye siku ya tatu yake, saa 4:22 usiku wetu, roketi ilipoondoka kweli. Hurley alikuwa rubani wa ile Atlantis ya 2011, na wafanyakazi wa safari hiyo waliacha kituoni bendera ndogo iliyokuwa imeruka pia katika safari ya kwanza kabisa ya vyombo vya aina hiyo mwaka 1981, wakaagiza kwamba ichukuliwe na watakaofuata kurushwa kutoka Marekani. Hurley alikwenda kuichukua bendera aliyoiacha yeye na wenzake. Agosti 2, 2020, ilirudi naye katika Ghuba ya Mexico.

Utaratibu wake wa fedha pia unaendana na mambo haya yalivyo. Urushaji huahirishwa mara kwa mara kwa sababu ya upepo, mawingu, vali au boti iliyoingia eneo lililokatazwa, na mteja aliyelipa hupewa kikaratasi chenye muhuri ambacho hukubaliwa siku roketi itakaporuka. Sijawahi kuona kikikataliwa.

Usiku wa kurudi kwa Wilmore na Williams, Machi 2025, uliangukia Ramadhani. Chombo kilitua baharini karibu na Florida saa 6:57 usiku kwa saa zetu, saa ambayo kwa kawaida kibanda kimefungwa kwa heshima ya majirani, lakini watu waliokuwa macho wakisubiri daku walimwomba Fundi aache mlango wazi, naye akakubali kwa sharti kwamba spika zizimwe. Tulitazama kwa sauti ya simu moja iliyowekwa juu ya benchi. Miavuli minne ilifunguka, chombo kikagusa maji, na kabla meli haijakinyanyua, pomboo walijitokeza wakakizunguka. Hao wawili walikuwa wamekaa siku 286 katika safari ya siku nane.

Sasa upungufu. Fundi huongea mno katika dakika za mwisho. Sauti za waongozaji wakiulizana kwa zamu kama kila mfumo uko tayari zina thamani yake hata kwa asiyejua Kiingereza, kwa sababu utulivu wao husikika. Tafsiri inaweza kuja kabla au baada. Matangazo pia huchelewa sekunde kadhaa kwa sababu ya bando, na vijana wanaofuatilia kwenye simu zao hupiga kelele kabla ukuta haujaonyesha kitu. Kuwaomba wazime simu kwa dakika kumi si kuwaonea.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika anachochagua kuonyesha. Kwa jinsi anavyosimulia, mgeni anaweza kuondoka akiamini kwamba safari za watu angani zilikoma mwaka 2011 zikarejea 2020. Kilichorejea ni safari zinazoanzia Marekani. Soyuz haikuacha kubeba watu, na China, iliyompeleka mwanaanga wake wa kwanza, Yang Liwei, Oktoba 2003, ilianza kujenga kituo chake yenyewe, Tiangong, mwaka 2021. Usiku mmoja wa Soyuz ungetosha kuanzia, hasa ile safari ya Oktoba 2018 iliyoharibika dakika chache baada ya kuruka, ambapo huyuhuyu Nick Hague na mwenzake Aleksey Ovchinin waliokolewa na mfumo wa dharura wa aina ya ule ambao Fundi hutueleza kila mara. Kama watazamaji wa Crew-9 wangelijua hilo, wangemtazama mtu aliyeketi kitini kwa jicho jingine.

Tena ipo historia ya karibu na nyumbani ambayo sijasikia akiitaja. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitaliano katika pwani ya Kenya, upande wa Malindi, ilirushwa setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Jukwaa hilo lilikuwa karibu katika latitudo ileile na Arusha. Walichagua sehemu hiyo kwa sababu karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Ningependa watoto wanaolipa nusu kiingilio waisikie habari hiyo mapema.

Kwa anayetaka kwenda: ubao hubadilishwa kila Jumatatu, na saa zake zimekwisha geuzwa kuwa saa zetu, jambo la msaada mkubwa kwa kuwa Florida iko nyuma yetu kwa saa saba sehemu kubwa ya mwaka na saa nane wakati wa baridi yao. Chini ya ubao huandikwa pia nyakati ambazo Kituo cha Kimataifa kitapita juu ya Arusha wakati wa magharibi au alfajiri. Kikiwa kilomita 400 juu kinaonekana kwa macho matupu, mradi mawingu ya Meru yaruhusu. Siku ya Simba na Yanga roketi hupisha mpira, kwa hiyo ulizeni kwanza. Kwa urushaji wa usiku sana, dada zetu wapange bodaboda wanayoifahamu kabla ya kuingia, kwa sababu nje hakuna taa. Benchi la pili kutoka mbele ndilo lenye picha nzuri kuliko yote, nalo hujaa mapema.